Mashine yangu na Kiswahili cha Ayany

JE, mtu akisema “anakujanga” badala ya “huja”, amekosea? Msomaji wangu wa Mombasa au wa Unguja pengine ameshakunja uso. Lakini swali hilo dogo, ambalo kwetu Ayany hakuna anayelipotezea hata dakika moja, lilininyima usingizi kwa muda wa miezi minane, tangu Septemba 2018 hadi Mei 2019, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ayany, kwa asiyepajua, ni mtaa wa nyumba za mawe ulio ndani ya Kibera, jirani na Olympic na Makina. Asubuhi moja tu, kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu, utasikia Dholuo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii na Kikuyu. Na ukipitia upande wa Makina utasikia Kinubi cha wazee ambao mababu zao walikuwa askari wa KAR, na ambao ndio walioipa Kibera jina lake, kwani “kibra” kwa lugha yao ni msitu. Watu wote hao wakitaka kuelewana hugeukia Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili nilicholelewa nacho. Kile cha vitabuni nilikutana nacho shuleni, nikakisoma, nikakipasi, na kila jioni nilikiacha katika mkoba pamoja na madaftari.

Mwanafunzi wa kompyuta hamalizi chuo kwa kufanya mitihani tu. Mwaka wa mwisho hupewa msimamizi miongoni mwa wahadhiri, akatakiwa kutafuta swali lake mwenyewe, kulifanyia utafiti, kutengeneza programu, kuandika ripoti na mwishowe kuitetea kazi hiyo mbele ya jopo. Shahada zenyewe hutolewa kwa madaraja, na madaraja ya juu huandikwa kwa neno la Kiingereza ambalo kwetu ni “heshima”. Mama yangu alipoelezwa hayo alidhani ni zawadi ya tabia njema, akaniambia kwamba basi nisiwe na wasiwasi.

Kalamu nyekundu

Siku ya kwanza nilifika Chiromo nikiwa na kurasa kumi na nne zilizochapwa vizuri katika saiba ya mtaani. Nilikuwa nimependekeza mashine ya kutafsiri Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, kwa sauti, ndani ya simu, kwa kila mkazi wa Kibera. Msimamizi wangu, mama mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu, alizisoma zote kimya. Kisha akauliza:

“Utajuaje kwamba imeshindwa?”

“Daktari, haitashindwa.”

“Sijauliza hivyo.”

Akachukua kalamu nyekundu. Dholuo kikaondoka, sauti ikaondoka, simu ikaondoka, na tafsiri yenyewe ikafuata. Baada ya Jumatano tatu (tulikuwa tukionana kila Jumatano, dakika ishirini, wala hakuongeza hata moja) ulibaki mstari mmoja tu: programu ya kuchambua vitenzi vya Kiswahili. Nilitoka nimenuna. Vitenzi tu? Niwaambie nini watu wa nyumbani?

Lakini hebu tukitazame kitenzi kimoja. “Hatukuwaambia” ni neno moja kwa macho, na ndani yake mna sentensi nzima. “Ha” inakanusha, “tu” ni sisi, “ku” ni wakati uliopita, “wa” ni wale tuliopaswa kuwaambia, “ambi” ni mzizi, na “a” ya mwisho ndiyo inayofunga mlango. Mtoto wa miaka minne wa Ayany hulitamka neno hilo bila kuwaza. Kompyuta hailioni ila kama herufi kumi na tatu zilizofuatana.

Njia ya kuifundisha inafanana na safari ya matatu. Matatu ya Ayany ina vituo vyake na mpangilio wake. Haiwezi kurukia kituo cha mwisho kisha irudi cha kwanza. Kitenzi nacho huanzia kituo cha nafsi, kikaenda cha wakati, pengine kikapitia cha mtendwa, kikafika kwenye mzizi, kikamalizia kwenye kiishio. Unaiandikia mashine ramani ya vituo hivyo pamoja na orodha ya mizizi. Neno likiweza kusafiri kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupotea, limechambulika. Likikwama njiani, mashine hunyamaza. Wakati mwingine hupata njia mbili. Niliiandikia “anakula”, ikanijibu kwamba huyu mtu ama yuko mezani, ama anakula wewe. Kwa sarufi haikukosea hata kidogo, kwa kuwa hiyo “ku” yaweza pia kuwa wewe.

Si mimi niliyebuni njia hiyo. Mwaka 1983 Mfini aitwaye Kimmo Koskenniemi alitoa utaratibu wa kuchambua maneno kwa kompyuta ambao ulienea duniani, na tangu 1985 Mfini mwenzake, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaanza kuutumia kwa Kiswahili. Huko Helsinki ndiko lilikokusanywa pia ghala kubwa la maandishi ya Kiswahili, maneno kama milioni 12 na nusu katika toleo lake la kwanza, mengi yakiwa ya magazeti na vitabu. Ukifikiri, lugha yetu ilipekuliwa na mashine kwanza kwenye theluji kabla ya kupekuliwa hapa kwetu. Hata hivyo si kwamba huku tulilala: mwaka 2006 Peter Waiganjo Wagacha wa chuo changu, pamoja na wenzake wa Ubelgiji Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walitoa utafiti wa kuifundisha kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili, wakitumia ghala hilo hilo la Helsinki. Niliusoma utafiti huo ndani ya matatu, nimesimama, mkono mmoja ukiwa juu.

Tisini na sita

Kufikia Novemba programu yangu ilikuwa hai. Nilikuwa nimekata vitenzi 100 kutoka magazetini, na kila kimoja kilipokwama nilirekebisha kanuni hadi kikapita. Jumatano moja nikaingia kwa msimamizi nikitembea kama bwana harusi. Vitenzi 96 kati ya 100!

“Hivi 100 ulivipata wapi?”

“Magazetini, Daktari.”

“Na kanuni zako ulizirekebisha kwa kutazama vitenzi gani?”

Nikanyamaza. Ndivyo hivyo hivyo. Nilikuwa kama mwanafunzi aliyeuona mtihani usiku, kisha asubuhi akajisifu kwa alama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nakumbuka habari ya watu wa Kibera. Nilikumbuka, kwani nani wa kwetu asiyeikumbuka? Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja na zaidi, na kila mgeni alilirudia hilo. Sensa ya 2009 ilipohesabu vijiji vyake ikapata watu 170,070. “Namba ikimpendeza kila mtu,” akasema, “hakuna anayeihesabu upya.”

Juma lililofuata alinipa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani yake mlikuwa na vitenzi 100 vingine alivyovichagua mwenyewe, na nilikatazwa kuifungua hadi nimalize kurekebisha. Na ikishafunguliwa, alisema, bahasha imekufa. Haipimi tena chochote. Niliifungua mbele yake. Sabini na moja.

Siku ile sikupanda gari. Nilitembea kutoka Chiromo hadi mjini, nikapita Museum Hill bila kuiona. Ile 96 nilikuwa nimeshawatangazia rafiki zangu wote.

Wanakujanga

Baada ya Krismasi, bahasha nyingine ilinipa 88 na nikapumua. Hapo ndipo msimamizi alipouliza swali lililobadilisha mradi mzima: “Hiki ni Kiswahili cha magazeti. Cha kwenu je?”

Nikachukua daftari nikashuka mtaani. Karibu na kituo cha matatu kuna mama auzaye chapati na maharagwe jioni, na pale hapakosi mazungumzo. Nilimweleza kwamba nataka kuandika maneno yanayosemwa pale, bila jina la mtu, na akikataa nitaondoka. Aligeuza chapati yake kwanza.

“Wewe kijana, watu wa kuandika wanakujanga hapa kila siku. Wanatuuliza tunakulanga nini, tunalalanga wapi. Wanaandika, wanaenda. Hawakujangi tena.”

“Mimi ni wa hapa hapa Ayany, mama.”

“Hata hao wengine walikuwa wa hapa.”

Sikuwa na jibu. Kibera imeulizwa maswali mengi kuliko mitaa mingi ya Nairobi, na majibu mengi yamekwenda kukaa mbali na waliojibu. Yapo yaliyofanywa vingine: mwaka 2009 vijana wa humu humu, katika mradi wa Map Kibera, waliichora ramani ya vijiji vyao wenyewe, mahali ambapo ramani zilikuwa zikionyesha doa tupu. Lakini mama yule hakuwa akiniuliza habari za ramani. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: “Ukimaliza, uje unionyeshe.”

Vitenzi 100 vya kwanza vya Ayany vilinipa 52. Kati ya vilivyokwama, vingi vilikuwa na mkia mmoja: anapendanga, tunaendanga, wanasemanga. Shuleni tuliufuta mkia huo kwa kalamu ya mwalimu na kuandika “hupenda”, “huenda”, “husema”. Mashine yangu, iliyosoma sarufi kama mimi, nayo iliufuta kwa kunyamaza.

Suluhisho likaonekana jepesi. Niliongeza kituo kimoja mwishoni mwa njia: neno likiisha kwa “nga”, ing’oe, kisha endelea kama kawaida. Alama za Ayany zikapanda hadi 69. Nikafungua bahasha mpya ya magazeti kwa kujiamini, nikakuta zimeshuka kutoka 88 hadi 81. Kumbe sasa mashine ilikuwa inaona “nga” kila mahali. Mtu aliyepanga chumba ikamfanya mtu aliyezoea kutoa; waliochanga pesa za harambee ikawafanya wanaokucha kila siku kama jua. Kupanga, kuchanga, kutanga, kuganga, hata kuwanga, zote zilikatwa mkia usio wao. Nilikuwa nimeponya jino kwa kung’oa taya.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa napitia daftari, nikaendelea kwa mwanga wa simu huku nikiyachambua maneno kwa mkono. Nikafika kwenye maneno ya mama wa chapati, yale ya kunilaumu, ambayo niliyaandika ili nisiyasahau. Hawakujangi. Si “hawakujanga”. Hawakujangi, kwa “i”.

Ndugu msomaji, hapo nilisimama. Kiswahili sanifu kikikanusha kitendo cha sasa hugeuza “a” ya mwisho kuwa “i”: anapenda, hapendi. Kama “nga” ingekuwa mkia uliobandikwa nje ya neno, mtu wa Ayany angesema “hapendinga”. Kesho yake nilisimama kituoni nikawauliza watu watano, makanga wawili miongoni mwao. Wote walisema “hapendangi”. Nilipowatamkia “hapendinga” walinicheka, na mmoja akaniuliza kama nimetoka ng’ambo.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba “ang” haikai nje. Imekaa ndani ya kitenzi, baada ya mzizi na kabla ya kiishio, mahali pale pale inapokaa “an” ya kupendana na “ez” ya kupendeza, na inatii kanuni ya kukanusha sawasawa na kitenzi cha mwanazuoni. Watu waliosemekana hawana sarufi walikuwa wanaifuata sarufi bila kukosea, hata wakiwa na hasira, hata wakigeuza chapati.

Jumatano hiyo nilimwonyesha msimamizi. Alilitazama karatasi kwa muda, akasema, “Basi si mkia,” na akanituma kwa vitabu vya isimu, ingawa si fani yake wala yangu. Huko nilikuta kwamba wataalamu wa lugha za Kibantu wamekwisha kueleza umbo hili la “ag” au “ang”, la kuonyesha jambo la mazoea, kuwa ni la kale na limesambaa katika lugha nyingi za ukoo huo. Kikuyu kinalo katika “aga”, na jirani zangu Waluhya wanalitumia kila siku. Kwa hiyo lile lililofutwa kwa kalamu katika daftari langu la darasa la tano huenda lina ukoo mrefu kuliko shule yenyewe.

Niliihamisha “ang” kutoka mwisho wa njia, nikaiwekea kituo chake baada ya mzizi, nikaiorodheshea mashine ile mizizi yenye “ang” ya kuzaliwa, “pang” na “chang” na wenzao, ili iiache salama. Bahasha za mwisho zilitoa 89 kwa magazeti na 74 kwa Ayany. Nilishawishika kuviondoa vitenzi vya Ayany vilivyochanganywa na Kiingereza, kama “nimemcall”, ambavyo vingeniongezea alama kadhaa hivi hivi. Msimamizi hakukataa. Alisema tu, “Ukiviondoa, andika kwamba umeviondoa.” Nikaviacha.

Mbele ya jopo

Ripoti ilikuwa ya kurasa sitini, na yote niliiandika kwa Kiingereza, maana ndivyo inavyotakiwa. Kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Ayany, na Kiswahili chenyewe kimo katika mifano tu, kama mgeni aliyewekwa kwenye viti vya nyuma. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya kuitetea, mmoja wa wazee wa jopo aliniuliza swali nililoliogopa tangu Septemba: “Kwa nini uifundishe mashine makosa?” Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikayeyuka yote. Nikasogea ubaoni nikaandika “hapendi”, chini yake “hapendangi”, na chini ya hilo “hapendinga”. Nikawaomba wajipe wenyewe jibu la lipi kati ya hayo hawajawahi kulisikia Nairobi. Walitazamana. Yule mzee akatabasamu, akasema kwamba hata kwake nyumbani “wanasemanga hivyo”, na chumba kikacheka. Kisha akanibana dakika kumi nzima kuhusu vile vitenzi 26 vilivyoshindikana. Nilivijua vyote kimoja kimoja, kwa majina yao kama watoto. Nadhani ndivyo vilivyoniokoa.

Tangu wakati huo kazi hii imepata mikono mingi zaidi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya ghala la maandishi na sauti liitwalo Kencorpus, la Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, na mwaka 2022 wakalitolea taarifa. Wanafunzi wa leo hawaanzi na mkasi na magazeti kama mimi.

Juma moja baada ya jopo nilibeba kompyuta hadi kwa mama wa chapati. Ilikuwa karibu saa moja jioni, watu wamejaa. Nilimwandikia “wanakujanga”, mashine ikalikata vipande vyake. Nikamwandikia “hawakujangi”, ikalikata pia. Alipanguza mikono kwa leso akainama kutazama.

“Hiyo ni maneno yangu,” akasema.

“Ni yako, mama.”

“Sasa iandikie hii.” Akafikiri kidogo, akamtupia jicho kijana mmoja aliyekuwa akila kwa deni pembeni. “Huyu ananizungushanga-zungushanga tu.”

Niliandika. Mashine ikanyamaza. Mama alicheka hadi akashika meza, na yule kijana akacheka zaidi, kwa kuwa deni lilisahauliwa kwa dakika moja. Nilitoa daftari mfukoni nikaliandika neno hilo, chini ya yale mengine, na tarehe yake.